Bibi haoni, lakini anaona watu: jibu kwa msomaji wa Tanga

"Shikamoo daktari. Bibi yangu ana miaka 81, tunaishi naye hapa Tanga. Presha ya macho imemharibia macho yote mawili: la kulia halioni kitu, la kushoto anaona ukungu na mwanga wa dirisha basi. Tangu Ramadhani ameanza kusema anaona watoto wafupi wamevaa kofia, wamejipanga ukutani, hawasemi neno. Siku nyingine ni maua maua kama ya kanga yanatembea darini, au uso wa mtu mwenye meno makubwa. Akili yake nzima: madeni ya mtaa mzima anayo kichwani. Shangazi anasema ni majini, aletewe mtu wa kumsomea. Binamu yangu anataka apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi nauliza, mtu asiyeona anaonaje? Na je, ndiyo ameanza kuchanganyikiwa? Maana hata mimi na macho yangu mazima, usiku nikipita njia ya shambani naona kisiki nadhani mtu."

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la kuchanganyikiwa, maana najua ndilo linalowanyima usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, bibi hajachanganyikiwa. Hali hii inajulikana kwa zaidi ya miaka 260, madaktari wanaiita ugonjwa wa Charles Bonnet, na huwapata watu waliopungukiwa na uwezo wa kuona huku akili zao zikiwa salama. Kuthibitisha ni kazi ya daktari atakayemkalisha mbele yake, na chini nitakutajia dalili ambazo zingenifanya niseme vinginevyo. Lakini wafupi wenye kofia, kimya chao, maua yanayojirudia, nyuso zenye meno: hiyo ndiyo orodha ileile wanayoisimulia wagonjwa wa Ulaya ambao hawajawahi kuiona kanga maishani mwao.

Bonnet alikuwa mtaalamu wa viumbe, mtu wa Geneva, Uswisi. Mwaka 1760 alichapisha habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 aliyewahi kuwa hakimu. Lullin alikuwa ameshapasuliwa mtoto wa jicho miaka kadhaa nyuma, na macho yakawa yamefifia tena. Akaanza kuona leso ya buluu yenye viduara vya njano kwenye pembe zake, ikimfuata popote alipotupa macho. Baadaye wakaja wanaume na wanawake waliovaa vizuri, ndege, magari ya farasi, majengo. Hawakusema naye. Mzee hakuogopa wala hakudanganyika. Alijua fika kwamba hawapo, na inasemekana walimburudisha. Bonnet mwenyewe, macho yake yalipokuja kuharibika uzeeni, naye akayaona ya kwake.

Na si jambo la nadra. Mwaka 1996 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti uliowahusisha wagonjwa 505 wenye uoni hafifu, wakakuta 60 kati yao wanaona vitu vya namna hii. Wengi wa hao 60 walikuwa hawajamwambia daktari yeyote. Waliogopa kuitwa wendawazimu. Sasa fikiria huku kwetu, ambako pamoja na hofu ya kuitwa kichaa kuna hofu ya kuitwa mchawi. Bibi yako amethubutu kusema. Mshukuru kwa hilo kabla ya kumpeleka popote.

Sasa swali lenyewe: asiyeona anaonaje?

Tumezoea kudhani kwamba jicho ndilo linaloona, kisha linaupelekea ubongo picha iliyokamilika. Sivyo. Jicho linapeleka kidogo sana, na hicho kidogo kina matobo. Nyuma ya kila jicho kuna utando uitwao retina, wenye seli zaidi ya milioni 100 za kunasa mwanga. Lakini mshipa wa neva unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo una nyuzi kama milioni moja tu. Kwa hiyo habari zimeshachujwa na kufupishwa hata kabla hazijatoka ndani ya jicho. Tena ni sehemu ndogo tu ya katikati ya retina inayoona kwa ukali: nyoosha mkono, tazama kidole gumba, upana wa ukucha wake ndio karibu eneo lote unaloliona vizuri kwa wakati mmoja. Mengine yote ni ukungu. Hata hivyo hujawahi kulalamika kwamba dunia ina ukungu, kwa sababu macho yanarukaruka kama mara tatu kila sekunde yakiokota vipande, na ubongo unaviunga.

Usiniamini kwa maneno. Chukua daftari lenye mistari, chora msalaba mdogo upande wa kushoto na doa jeusi upande wa kulia, viachane sentimita 8. Funga jicho la kushoto, ukazie msalaba kwa jicho la kulia, halafu ulete daftari taratibu kutoka urefu wa mkono kuelekea usoni. Likifika kama sentimita 30, doa linatoweka. Hapo limeangukia mahali ambapo mshipa wa neva unatokea kwenye retina, na mahali hapo hapana seli hata moja ya kunasa mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilionyesha jambo hili miaka ya 1660, na watu walishangaa sana. Lakini mimi napenda uangalie kinachobaki baada ya doa kupotea. Huoni shimo, huoni weusi. Unaona mistari ya daftari imepita moja kwa moja, imeunganika. Nani kaichora pale? Si jicho, maana jicho pale ni pofu kabisa. Ubongo umeangalia mistari ya jirani, ukakisia, ukajaza, na wala haukukutaarifu. Kila siku ya maisha yako, kwa kila jicho, umekuwa ukionyeshwa kipande ambacho hukukiona.

Jaribio la pili halihitaji hata karatasi. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Hutaona macho yako yakitembea hata kidogo, ingawa mwenzako aliyesimama pembeni anayaona yakienda na kurudi. Wakati wa kuruka kwa jicho ubongo unazima picha, halafu unaunganisha kabla na baada kama vile hapakutokea kitu.

Kutoka jichoni, habari hupitia kituo kilicho katikati ya ubongo, kisha hufika kwenye gamba la ubongo upande wa kisogoni. Ungetarajia njia ya upande mmoja, jichoni kwenda kisogoni. Lakini ukipima, nyuzi zinazoshuka kutoka kwenye gamba kwenda kwenye kile kituo ni nyingi kuliko zile zinazopanda kutoka jichoni. Ubongo haukai kusubiri. Unatangulia kukisia kilichopo nje, na jicho linaleta masahihisho.

Mfikirie mtangazaji wa mpira aliyekaa studio Dar es Salaam, mechi inachezwa Mbeya, naye anapata habari kwa simu mbovu: maneno mawili, kimya, maneno matatu. Wewe msikilizaji unapata mchezo mzima, pasi kwa pasi, mpaka jasho la mchezaji. Simu ikikatika kabisa, mtangazaji hodari hanyamazi. Anaendelea. Tofauti ni kwamba sasa hakuna wa kumwambia mpira umeshatoka.

Bibi simu yake imekatika. Presha ya macho huua zile nyuzi za neva kidogo kidogo, na zikifa hazioti tena. Upande wa kisogoni, seli za gamba la ubongo bado ni nzima na zina njaa ya kazi. Zisipopata habari kutoka nje zinazidi kuwa nyepesi kusisimka, mpaka zinawaka zenyewe. Na zikiwaka, mwenye ubongo huo anaona. Hakumbuki wala hawazi. Anaona, kwa rangi na kwa undani, mara nyingi vizuri kuliko anavyouona mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana wagonjwa wengi huniambia, "Daktari, kofia yake naiona uzi kwa uzi, wewe hapo nakuona kivuli."

Mwaka 1998 kundi la watafiti wa London likiongozwa na Dominic ffytche (ndivyo anavyoliandika jina lake, kwa herufi ndogo) liliwaweka wagonjwa wa aina hii ndani ya mashine inayopima shughuli za ubongo, wakaambiwa watoe ishara kila maono yanapokuja. Aliyeona rangi, ilisisimka sehemu ya ubongo inayoshughulikia rangi. Aliyeona nyuso, ilisisimka sehemu ya nyuso. Hapo ndipo tunapopata jibu la kwa nini wagonjwa wa nchi mbalimbali wanasimulia mambo yanayofanana. Kuna sehemu ya ubongo inayoshughulikia michoro inayojirudia, nayo ikiwaka Mwingereza ataona ukuta wa matofali na bibi ataona pindo la kanga. Kuna seli zinazoshughulika hasa na macho na vinywa vya watu. Zikisisimka peke yake, uso unakuja na meno na macho makubwa kuliko kawaida. Uso ule si wa marehemu fulani aliyekuja kudai kitu. Hata wagonjwa wenyewe husema hawawajui hao watu.

Huenda unasema, basi ni ubongo wa kizee umechakaa. Hapana. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watu 13 wenye macho mazima na afya njema walikubali kufungwa kitambaa machoni usiku na mchana kwa siku tano. Kumi kati yao waliona vitu: mwanga, michoro, wengine nyuso na mandhari. Wengi walianza ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na kitambaa kilipofunguliwa mambo yakaisha. Ukifungwa wewe leo, huenda keshokutwa ungewaona wageni wako mwenyewe.

Wala si macho peke yake. Aliyekatwa mguu huusikia mguu usiokuwepo, tena unawasha na kuuma; daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell aliwaandika watu hao kwa wingi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kwao. Wazee wanaopoteza usikivu wengine husikia nyimbo za ujana wao zikipigwa saa nzima wakati redio imezimwa. Hayo nayapita haraka, lakini kama bibi masikio nayo ni mazito, mwulize. Huenda analo jingine analolificha.

Na kisiki chako cha usiku kinaingia hapahapa. Mwanga ukiwa hafifu, jicho linaleta habari chache, na ubongo unalazimika kukisia zaidi. Na ukikisia gizani, unakisia mtu kwanza, maana kukosa kumwona mtu aliyesimama njiani kuna hasara kubwa kuliko kukiogopa kisiki. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanyia kazi Kairo, aliliandika hili mwanzoni mwa karne ya 11. Katika kitabu chake juu ya uoni alieleza kwamba mambo mengi tunayodhani tunayaona kwa jicho tunayafikia kwa hukumu ya haraka ya akili ambayo hatuihisi, na akatenga sehemu nzima kueleza makosa ya uoni yanayotokea mwanga unapopungua au kitu kinapokuwa mbali mno. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuja kusema jambo linalokaribiana na hilo katika karne ya 19, na vitabu vyetu vya chuo vilimtaja yeye zaidi. Tofauti yako na bibi ni kwamba wewe ukikisogelea kisiki, macho yanaleta masahihisho na mtu anageuka kuwa mti. Macho ya bibi hayawezi tena kuleta masahihisho. Kinachomsaidia ni akili yake, na ndiyo maana anakwambia "naona watoto" huku akijua hakuna mtoto.

Hilo la kujua ndilo ninalolipima kwanza. Kama siku moja bibi ataanza kuwatengea chakula, kugombana nao, au kuamini wamekuja kumdhuru, mkimbizeni kwa daktari. Vivyo hivyo akianza kuwasikia wakisema, au kusikia harufu yao, au kuhisi wanamgusa. Maono ya Bonnet ni ya macho tu, na ni bubu. Angalia pia mikono kutetemeka, mwendo kuwa mzito, kupiga mateke na kelele usingizini, kusahau njia ya chooni: hizo zinaashiria magonjwa mengine ya ubongo ya uzeeni ambayo nayo huleta maono ya watu na wanyama. Na kama maono yamekuja ghafla pamoja na homa na maneno yasiyoeleweka, usiwaze Bonnet kabisa. Kwa mzee hiyo inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, au sukari iliyoshuka, na ni ya siku hiyohiyo, si ya kungoja kliniki ya Alhamisi.

Shangazi yako anataka kisomo. Sina ugomvi naye. Kisomo na dua kwa mzee aliyepoteza macho ni faraja, na kama bibi mwenyewe anataka, asomewe. Ninachokataa ni mambo matatu. Moshi wa mafusho machoni. Dawa yoyote ya majani au maziwa kutiwa jichoni. Nimeona jicho lililobaki na mwanga kidogo likioza kwa sababu hiyo, na la bibi la kushoto ndilo hilo. Na neno "mchawi" kutamkwa hata kwa mzaha. Kanda ya Ziwa kuna vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu, wekundu wa moshi wa kuni waliopikia maisha yao yote. Mzee anayesema anaona watu wasioonekana hapaswi kuachwa na uvumi wa mtaa.

Binamu naye mwambie hospitali ya akili si mahali pa kuanzia. Dawa za wagonjwa wa akili mara nyingi hazisaidii sana hapa, na kwa mzee wa miaka 81 zina madhara: kuanguka, kusinzia mchana kutwa. Mimi huwa sizifikirii mpaka maono yawe yanamtesa mgonjwa na mengine yote yameshindikana.

Mengine yenyewe ni mepesi. Kwanza mwelezeni bibi kwamba hali hii ina jina na kwamba akili yake ni nzima. Nimeona wagonjwa waliokuwa hawalali wakalala usiku uleule baada ya kuambiwa hivyo. Maono hupenda kuja mtu akiwa peke yake, ametulia, mwanga hafifu, hasa jioni. Kwa hiyo washeni taa mapema, mwekeeni redio, mtoeni barazani akae na watu. Yakija, asiyakodolee macho. Ainuke, abadilishe mwanga, apepese, anyooshe mkono kuwagusa. Kuna mbinu moja inayowafaa baadhi yao: bila kugeuza kichwa apeleke macho kulia na kushoto, mara moja kwa sekunde, kwa sekunde 15 hadi 30. Wengine picha inakatika palepale. Wengine haikatiki, na si kosa lao. Kwa wagonjwa wengi maono hupungua kadiri muda unavyokwenda, lakini kwa baadhi huendelea kwa miaka, kwa hiyo msimwahidi mwezi wala mwaka.

Msibishane naye kwamba "hakuna kitu hapo". Kwake kipo, anakiona, na anajua zaidi ya mnavyodhani kwamba si cha kweli. Wala msijifanye na ninyi mnaona. Mwulizeni leo wamevaa nini. Wazee wengi hupenda kuulizwa, na ukisikiliza utajua pia kama jambo limebadilika.

Mwisho, mpeleke kwa daktari wa macho hata kama mlishaambiwa presha ya macho haina dawa. Kilichokufa hakirudi, kweli, lakini jicho la kushoto bado lina kitu cha kulinda, na matone asiyaache. Tena kwa umri wake inawezekana kabisa juu ya presha kuna mtoto wa jicho, na huyo anatolewa. Kukiongezeka mwanga hata kidogo, maono wakati mwingine huisha. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, na wakiona inafaa watawaelekeza KCMC kule Moshi au CCBRT Dar es Salaam. Bebeni dawa zake zote mfukoni, za macho na za presha ya damu na za usingizi kama zipo, kwa sababu baadhi ya dawa, hata matone ya timolol anayotumia mwenye presha ya macho, kwa nadra huweza kuwaletea wazee maono, na hapo daktari atabadilisha tone badala ya kutafuta ugonjwa. Na uandike kwenye karatasi "Charles Bonnet" umwonyeshe, maana si kila kliniki imewahi kukutana na jina hili, na foleni ikiwa ndefu bibi anaweza kuandikiwa miwani akarudishwa nyumbani.